Miguu ya Theresia

Hallunda, Uswidi, 21 Mei 1984

Shemeji Paskalia,

Utashangaa kuona mwandiko huu mbovu juu ya bahasha. Miaka yote barua za nyumba hii aliziandika dada yako, mimi nikiongeza mstari mmoja wa salamu pembeni kama shahidi kwenye cheti cha ndoa. Sasa ni zaidi ya miaka miwili tangu tumzike Theresia, na nimechoka kukutumia kadi za Krismasi zisizosema kitu.

Nina jambo, na hapa sina wa kumwambia. Jana nilitolewa kwenye mashindano.

Mchezo wangu unaujua, angalau kwa kusimuliwa. Sisi hatusimami mahali pamoja tukalenga duara. Unakimbia na bastola kutoka kona hadi kona, unalenga shabaha za kadibodi zilizofichwa nyuma ya mbao, unaangusha sahani za chuma, na mwamuzi anakufuata nyuma na saa mkononi. Ukimaliza kituo kimoja unangoja wenzako nao wamalize, kisha kundi zima linahamia kituo kingine, hivyo hivyo hadi jioni. Nimeucheza tangu klabu yetu ianze, na mpaka mwaka ule Theresia alipougua nilikuwa nawatoa jasho vijana.

Jana asubuhi nililenga vizuri. Baada ya saa sita mchana miguu haikuwa yangu tena. Kwenye kituo cha tano nilikata kona, goti likalegea, nikayumba, na mdomo wa bastola ukaelekea upande usioruhusiwa. Risasi haikutoka, wala hakuna aliyeumia. Lakini Ulla, binti aliye mwamuzi wetu, alipaza sauti, "Stopp!" na siku yangu ikaishia hapo. Alifanya sawa. Ningekuwa mimi ningefanya vilevile.

Kamati imesema nisipomaliza mashindano ya Septemba nitahamishiwa kundi la wanaolenga wakiwa wamesimama. Ni watu wazuri, wengine wanatembelea fimbo. Mimi nina miaka hamsini na minane, shemeji. Uzee umenivamia kwa mpigo, na sijui nimeukosea nini. Naogopa. Zile Jumapili za porini zikiondoka, sitabaki na mahali ambapo mtu ananiita jina langu. Kiwandani kelele za mashine haziruhusu, na nyumbani hakuna wa kuniita.

Sikuombi kitu. Nilitaka tu mtu wa upande wa Theresia ajue.

Shemeji yako,
Januari


Kamachumu, 12 Juni 1984

Januari shemeji yangu,

Eti huombi kitu! Mtu anaandika kurasa nzima toka Ulaya, analipia stempu, halafu haombi kitu. Basi mimi naomba. Nataka kujua.

Wanafunzi wangu waliniita Mwalimu Kwa Nini, na walidhani silijui jina hilo. Nimestaafu ualimu, jina sijastaafu. Sasa sikia kwa nini yangu ya kwanza. Uzee naufahamu, tunaishi nao nyumba moja. Huwa haukurupuki. Mwaka huu unakunyang'anya uzi na sindano, mwaka kesho unakunyang'anya kilima cha kwenda kanisani. Wako umekuja wote kwa pamoja, tena mchana tu! Asubuhi wewe ni kijana, ikifika saa sita umekuwa babu. Uzee gani huo unaochelewa kuamka?

Nimesimamia mbio za shule miaka mingi. Mtoto anayeanza vizuri akaishia vibaya, mara nyingi hajala, au amekula kupita kiasi, au amevaa viatu vya kaka yake. Kwa hiyo nieleze. Asubuhi ile unakula nini? Maji unakunywa, au unajifanya ngamia? Usiku unalala, au unabishana na ukuta? Nianzie pale unapoamka, unifikishe mpaka kituo cha tano, wala usiruke jambo kwa kuona ni la kipuuzi. Ya kipuuzi ndiyo ninayoyataka hasa.

Usidhani nauliza kwa sababu ya vikombe vyako. Mtu aliyechoka akishika jembe atajikata mwenyewe. Wewe umeshika bastola, na nyuma yako yuko yule binti na saa yake.

Huku kahawa imezaa, sukari hakuna, sabuni tunaiona kwa bahati. Mwanangu Adelina amerudi toka Mwanza, anakusalimu. Anasema huo mchezo wako ni wa wehu. Nimemwambia wewe ni mwehu mwenye leseni.

Anayesubiri majibu, si salamu,
Paskalia


Hallunda, 2 Julai 1984

Mwalimu Kwa Nini,

Nimeonywa, basi sitaruka kitu.

Nalala vibaya, lakini mwezi huu hakuna anayelala vizuri hapa, jua linagoma kuzama. Naamka mapema, nakunywa uji, nakula yai moja. Baada ya barua yako nimeongeza viazi na ndizi mbivu, na nimenunua viatu vipya vyenye soli laini. Jumamosi iliyopita tulikuwa na mazoezi ya siku nzima. Asubuhi safi, mchana miguu ikanisaliti vilevile. Kwa hiyo si viazi, wala si viatu.

Napanda treni ya chini ya ardhi mpaka mjini, kisha treni ya Jakobsberg. Pale stesheni Rune ananingoja na gari lake. Rune ni fundi bomba mstaafu, ana miaka sitini na sita, uso mwekundu, mkaidi kuliko mimi. Tunakwenda porini kwenye uwanja wetu.

Unataka ya kipuuzi, haya. Mtu mmoja akimaliza kukimbia kituo, shabaha zimejaa matundu. Lazima watu waende kubandika viraka vya karatasi juu ya matundu, wasimamishe sahani za chuma zilizoanguka, waokote na maganda ya risasi chini. Ndipo anayefuata aanze. Kazi hiyo hurudiwa kwa kila mtu, na kundi letu ni kubwa. Mimi ni wa kwanza kwenda na wa mwisho kurudi. Hakuna aliyewahi kunikuta nimestarehe huku wenzangu wanafanya kazi, nami najivunia hilo. Rune naye hivyo hivyo, tunashindana kuokota maganda kama kuku wawili.

Maji nakunywa nikikumbuka. Wenzangu wengi huwa wanafika kila baada ya kituo kimoja au viwili. Mimi sifiki. Tangu dada yako aondoke sijafika hata mara moja.

Mengine hakuna. Kwenye kituo cha tano umeshafika nami, na jibu silioni. Kama unaliona kutoka huko mlimani, nitashukuru.

Januari


Kamachumu, 22 Julai 1984

Shemeji,

Nimelipata! Nimempigia Adelina kelele toka jikoni, akadhani nimeungua.

Wewe hufiki! Umeandika mwenyewe, kwa mkono wako: wenzako wanafika, wewe hufiki, na tangu Theresia afariki hujafika hata mara moja. Halafu unashangaa umechoka! Theresia ndiye aliyekuwa saa yako. Tangu utoto alikuwa wa kwanza kila mahali, hata kwenye misa ya kwanza alimkuta padri anapiga mswaki. Sasa hayupo wa kukusukuma, unafika watu wameshaanza, unakimbia kufidia, na pumzi ya mchana unaimaliza asubuhi.

Ila kuna kitu kinanitatiza. Unaamka mapema. Treni za huko, tunavyosikia, zinakwenda kama saa. Huyo Rune anakungoja na gari. Sasa kati ya stesheni na porini unapotelea wapi? Mnasimama mahali? Kuna mjane kwenye kona? Natania, ila jibu nalitaka.

Panda treni ya mapema zaidi. Fika, Januari, fika kama watu wengine wanavyofika, kisha uniambie mchana ule ulikuwaje.

Paskalia, mshindi wa leo


Hallunda, 8 Agosti 1984

Shemeji mshindi,

Barua yako niliisomea kwenye treni, nikacheka mpaka mama mmoja akahama kiti. Sikumbuki mara ya mwisho nilicheka kwa sauti ilikuwa lini.

Nafika mapema, shemeji! Nafika kabla Ulla hajafungua geti. Kosa ni langu, nimekaa hapa muda mrefu mpaka nachanganya lugha bila kujijua. Fika ni neno lao Waswidi. Maana yake ni kukaa chini na wenzako, mkanywa kahawa, mkala andazi la mdalasini, mkaongea mambo yasiyo na haraka. Sisi waongea Kiswahili wa hapa tumelichukua tukalinyambua kama letu: tufike, wamefika, hawajafika. Watoto ndio kabisa hawajui lipi ni lipi.

Wala usione haya, maana kosa lako ndilo lililokuwa kosa langu la kwanza nchi hii. Mwaka sitini na tatu, nikiwa mwanafunzi wa ufundi, msimamizi wetu alipita asubuhi akanigusa bega, "Fika, Januari!" Nikajua ananisema kwa kuchelewa, nikastaajabia Kiswahili chake. Kesho yake nikawahi zaidi. Akaja tena, "Fika!" Nikazidi kuwahi, mpaka ikawa namkuta mlinzi wa usiku hajaondoka. Mkenya mmoja, Onyango, ndiye aliyenifumbua macho, na alicheka hadi akakaa sakafuni.

Basi nikaenda kukaa nao. Siku ileile nikamsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Huyu wa Afrika, kukaa amejifunza upesi." Wakacheka. Labda ulikuwa utani tu, kama wetu mimi na wewe. Lakini ulinichoma, na mpaka leo unanichoma. Tangu hapo kahawa yangu nainywa nimesimama kando ya mashine. Porini ni vilevile, nasimama na viraka mkononi. Ulla ameniambia mara nyingi nikae kidogo. Namjibu sijachoka. Moyoni nasikia kama ananiambia nimezeeka, niwapishe.

Zamani nilikuwa nakaa, lakini si kwa ajili yangu. Marehemu dada yako alikuwa na miguu mibovu. Alikuja nami kwenye kila mashindano na chupa yake ya chai, na kila nilipomaliza kituo aliniita, "Januari, miguu inaniuma. Hebu njoo ukae nami, unishikie kikombe nilegeze kiatu." Ningefanyaje? Nilikaa naye kwenye gogo, nikashika kikombe, yeye akahangaika na kamba. Siku nyingine nilikasirika, wenzangu wanabandika viraka nami nimeshika kikombe kama mhudumu. Nilimwambia aende kwa daktari wa miguu. Hakwenda. Sasa ningetoa chochote nikishike tena kile kikombe.

Hiyo ndiyo habari ya kufika. Mashindano ni tarehe kumi na sita Septemba, na jibu bado hatuna.

Januari


Kamachumu, 26 Agosti 1984

Januari,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu niliisomea nje, kwenye mwanga.

Miguu mibovu? Theresia?

Mwaka ule alipokuja kumzika mama, muda mfupi tu kabla hajaanza kuugua, basi lilituharibikia Muhutwe. Tukaupanda mlima wote kwa miguu mpaka hapa nyumbani. Yeye alikuwa na begi kichwani, mimi mikono mitupu. Mimi nahema, yeye anaimba, anageuka kunicheka. Katika barua zake aliniandikia habari za jino, za mgongo, hata za vipele. Habari ya miguu hakuniandikia kamwe, kwa sababu haikuwapo.

Ngoja nikueleze kitu ambacho labda hakukusimulia. Baba yetu alikuwa mtu asiyekaa. Aliingia kwenye migomba alfajiri, na ukimwambia, "Baba, pumzika," alikufukuza na mundu wake. Theresia alikuwa mdogo wa kumezwa na sketi yake mwenyewe. Alimpelekea maji kwenye kibuyu, na akimfikia tu, anachomwa na mwiba. "Baba, nishikie kibuyu nitoe mwiba." Baba anakaa chini, anashika kibuyu, na mtu aliyeshika kibuyu cha maji mwishowe anakunywa. Kila siku mwiba! Baba alikuwa akisema nyayo za mtoto huyu zinaita miiba. Sisi wengine tulijificha nyuma ya migomba tukicheka. Hakuwa na mwiba hata mmoja.

Na huko Fittja kazi yake ilikuwa nini? Si kuwahudumia wazee? Alijua namna ya kumkalisha mtu asiyetaka kukaa.

Ulikuwa unafika, Januari. Kila baada ya kituo, miaka yote ile, ulikalishwa, ukanyweshwa chai, miguu yako ikapumzika huku ukimwonea huruma yeye kwa miguu yake. Ndiyo maana asubuhi hadi leo wewe ni kijana. Kinachokosekana ni lile gogo, na mtu wa kukudanganya.

Humu ndani nimekuwekea kahawa ya kutafuna. Nimeichemsha mwenyewe na majani ya kuitia harufu, nikaianika, nikaifunga kwa magome makavu ya mgomba. Sheria ya baba unaikumbuka. Kahawa hii ni ya mgeni, na katika nyumba yake hakuna aliyeruhusiwa kuitafuna akiwa amesimama. Ibebe mfukoni. Ukimaliza kituo, kaa, tafuna moja, kunywa maji. Akikuuliza mtu, mwambie unatii amri ya baba mkwe. Na huyo aliyecheka mwaka sitini na tatu mwache na kicheko chake, ameshakichosha.

Naogopa posta tu. Adelina anakimbia nayo sasa hivi kwa mtu anayekwenda mjini.

Paskalia


Hallunda, 9 Septemba 1984

Shemeji,

Kimya chako kinanitia wasiwasi. Labda umeudhika nilivyokucheka kuhusu kufika. Sikukucheka kwa ubaya. Ulikuwa umenirudishia kicheko changu, nikakitumia hovyo.

Nimeamua kuushinda uzee kwa nguvu. Kila jioni nikitoka kazini nakimbia kando ya ziwa mpaka kifua kinawaka. Jana kwenye mazoezi nilijituma kuliko siku zote. Nilibandika viraka kwa kila mtu, sikusimama hata kidogo, nikasema mwili lazima uzoee. Mchana nilipofika kwenye kona, goti lilitetemeka kabla sijatoa bastola, nikamwambia Ulla mwenyewe kwamba siendelei. Alizima saa yake, na hilo liliniuma kuliko kama angenigombeza.

Jumapili ijayo ndiyo siku. Goti likitetemeka tena nitajitoa mwenyewe mbele ya kamati, nisingoje kuambiwa. Bastola nitairudisha klabuni. Sitakwenda kwenye lile kundi la kusimama, afadhali nikae nyumbani.

Kama umeudhika, niandikie hata tusi.

Januari


Hallunda, 17 Septemba 1984

Shemeji Paskalia,

Kifurushi chako kilifika Ijumaa jioni, kinanukia toka kwenye kisanduku cha barua. Niliisoma barua kwenye ngazi, nikiwa na koti, mfuko wa maziwa mkononi. Sikuweza kupanda mpaka juu. Nilikaa pale pale nikalia, na jirani yangu mmoja alipita akaniuliza kama nimepata habari ya msiba. Nikamwambia ndiyo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Miaka miwili nimejiona nimezeeka, kumbe nilikuwa nimefiwa.

Nilimkasirikia kwa sababu ya kikombe kile! Usiku wote niliwaza hilo tu. Halafu nikawaza, je, alijua ningegundua siku moja? Wewe una jibu la kila kitu, hili unalo?

Sasa jana. Kituo cha kwanza nilimaliza vizuri, na mkono wenyewe ukachukua viraka. Nilishafika nusu ya njia kuelekea kwenye shabaha nikausikia mfuko wa koti unanukia. Nikageuka. Lile gogo bado lipo, limeota kuvu. Nikakaa.

Shemeji, kukimbia na bastola ni rahisi kuliko kule kukaa. Masikio yalikuwa yanawaka. Niliweka kahawa moja mdomoni, nikashika kikombe cha maji kwa mikono miwili, nikawangoja wanicheke. Vijana wakabandika viraka. Ulla aliandika alama zake. Mtu mmoja alipita akasema "Hej, Januari," akaenda zake. Hakuna aliyenitazama. Miaka ishirini na mmoja nimesimama mbele ya watu ambao hawakuwa wakinitazama.

Kituo cha pili nilibandika kidogo, kisha nikakaa. Cha tatu nikakaa. Mchana ulipofika nilikuwa nikiingoja ile miguu mingine inijie, ile ya uzee. Kwenye kituo cha tano nilikata kona ileile na goti likabaki goti. Cha mwisho kilikuwa kigumu kuliko vyote, kulala chini na kulenga kupitia kidirisha, kisha kukimbia mpaka kwenye sahani za chuma zilizopangwa kama vikombe kabatini. Zote zilianguka. Ulla alisimamisha saa, akanikagua bastola kama kawaida, halafu akafanya jambo ambalo waamuzi hawafanyi: akanipiga kofi la bega.

Sikushika nafasi yoyote ya kujisifia. Vijana wameniacha mbali. Lakini nimemaliza, na kamati imeniacha kwenye kundi langu. Mwakani nipo.

Lakini lililonifanya nikuandikie leo leo ni Rune. Baada ya kituo cha nne nilimwona ameinama anaokota maganda, uso umeiva, mkono umeshika kiuno, anajifanya anatafuta kitu chini ili asiinuke haraka. Nilitaka kumwambia, "Rune, kaa upumzike." Nikajua atanijibu nini, maana ni jibu langu mwenyewe. Nikamwita, "Rune, kiatu kinanibana kweli. Hebu kaa hapa unishikie kikombe nilegeze kamba."

Alinung'unika, akaja. Alikaa, akashika kikombe, na baada ya muda akanywa. Nikampa kahawa ya baba akatafuna. Alikunja uso kama mtoto aliyepewa kwinini, lakini hakuitema. Nililegeza kamba, nikaifunga, nikailegeza tena. Sijawahi kufunga kiatu polepole namna ile. Kiatu hakikuwa na tatizo lolote.

Nimefika, shemeji, kwa Kiswahili na kwa Kiswidi.

Januari


Kamachumu, 7 Oktoba 1984

Shemeji Januari,

Uliniuliza kama alijua ungegundua. Sina jibu, na unajua ninavyoumia kusema hivyo. Baba naye sijui kama hakujua. Siku moja Theresia alikuwa na homa, hakwenda shambani, na jioni baba alirudi akauliza, "Leo hakuna mwiba?" Tulidhani anamtania mgonjwa. Sasa nimekaa naliwaza upya.

Nilimsomea Adelina barua yako yote jana, huku akichambua maharage. Niliposoma kuhusu Rune alicheka kidogo, akainama zaidi juu ya ungo. Nikaendelea kusoma.

Halafu leo jioni nilikuwa nikifagia uwanja, nimeushika ufagio toka mchana, akatoka mlangoni. "Mama, njoo unishikie huu ungo kidogo, mgongo umenikamata." Nikaja, nikakaa kwenye kigoda, nikaupokea ungo. Ni hapo ndipo nikakumbuka kwamba juzi ilikuwa sufuria, na wiki iliyopita ilikuwa uzi wa kufuma, na kigoda hiki hakikuwapo hapa mlangoni kabla hajarudi toka Mwanza.

Nilimtazama. Mgongo wake umenyooka kama mlingoti. "Kwa nini" yangu ilikuwa imenifika kwenye ulimi, nikaimeza. Nikamwambia pole, mwanangu. Nikaushika ungo mpaka giza likaingia.

Paskalia